Asiyeketi Haambiwi

Ukitaka kumjua Jenerali, usianzie kwenye picha yake ya ukutani, ile ya nishani kifua kizima. Anzia mlango wa jikoni. Huko ndiko alikoingilia nyumbani kwake tangu alipokuwa luteni mwembamba mwenye masikio makubwa hadi alipokuwa mkuu wa jeshi la anga, mtu wa kupigiwa saluti hata na walinzi wa benki. Dereva alimshusha mbele, kwenye ngazi, naye akaizunguka nyumba kwa miguu, akapita penye kamba ya nguo na pipa la taka, akavua buti kizingitini, akaingia na soksi. Mkewe hakumwagiza. Ilikuwa desturi ya nyumba za marubani, na hakuna aliyejua ilianza lini: rubani aliye hai huingilia nyuma. Mlango wa mbele ni wa wageni na wa msiba.

Alizaliwa kwa fundi viatu na akakua pekupeku, maana dunia ina mizaha yake. Baba alishona viatu vya watu kutwa nzima. Vya mwanawe vilikuwa vya wiki ijayo, na wiki ijayo haikufika. Siku maofisa walipokuja shuleni kutafuta vijana wa jeshi, wenzake walitazama kofia na nembo. Yeye alitazama buti. Miaka mingi baadaye mwandishi wa habari alimuuliza ni nini kilichomvuta angani, akajibu kwamba ni mapenzi ya nchi yake. Mkewe, aliyekuwa ameketi nyuma yake, aliinamisha uso asionekane akicheka.

Chuoni walimwita Kobe. Kabla ya kupanda, kila rubani sharti aizunguke ndege yake na kuikagua. Wenzake walizunguka mara moja, harakaharaka, kama mtu anayetafuta funguo alizoangusha, wakapanda. Yeye alipitisha kiganja bawa lote, akainama kwenye magurudumu, akachungulia kila tundu, kisha akarudi alikoanzia na kukagua tena. Wenzake wako juu wanapasua mawingu, yeye angali chini anapapasa mkia.

"Kobe huyu atazeekea ardhini," mwalimu wake alisema mbele ya darasa, na darasa likacheka.

Ilikuwa kejeli, ikaja kuwa baraka, kama baraka ndiyo jina lake. Wale sungura waliomcheka walizikwa mmoja baada ya mwingine, au waliacha kazi baada ya kumzika mwenzao, na kila nafasi ilipobaki wazi wakubwa walitazama huku na huku wakamkuta Kobe amesimama. Ndivyo alivyopanda. Luteni akawa kapteni, kapteni akawa meja, meja akawa kanali, na kila siku ya kuvishwa cheo alirudi nyumbani na uso wa mtu anayetoka mazikoni. Alijua kila nyota ya begani mwake ilipaswa kuwa ya nani.

Mkewe alikuwa muuguzi wa zahanati ya kambi. Kazi yake ilikuwa kupima macho ya marubani. Siku ya kwanza walipokutana, Kobe alisimama kwenye mstari uliochorwa sakafuni, akafunika jicho moja, akasoma herufi zote za ubaoni hadi zile ndogo za chini kabisa, bila kukosea.

"Hutazami ubao," muuguzi alimwambia. "Unanitazama mimi."

"Ubao niliukariri jana," alijibu, "ili leo nipate nafasi."

Kwa mtu kama yule, hiyo ilikuwa hotuba. Kobe hakuwa na ulimi. Aliweza kuamuru kikosi kizima kwa sauti ya kukata anga, lakini neno la moyoni lilipofika kooni lilisimama palepale, halipandi wala halishuki. Muuguzi alilijua hilo mapema, akamkubali hivyohivyo. Alijisemea kwamba maneno yeye anayo ya kutosha watu wawili.

Hakujua yatatumika wapi.

Kobe alipopewa kikosi chake cha kwanza, rubani wake mmoja kijana aliangukia baharini asubuhi ya mazoezi. Kamanda ndiye mwenye wajibu wa kwenda kumwambia mke wa marehemu, na mke wa kamanda alifuatana naye kwa sababu mwanamke yule alikuwa rafiki yake. Walimkuta mlangoni, mwiko mkononi. Kobe alivua kofia. Akafungua mdomo. Midomo ilicheza, sauti haikutoka, na yule mwanamke akawa anaitazama midomo ile kama kiziwi anayesomeshwa. Hapo muuguzi aliupokea ule mwiko, akaushika mkono uliokuwa umeushika, akasema, "Kaa kwanza, dada." Alipokwisha kukaa, akamwambia.

Kuanzia siku ile ikawa hivyo. Kobe aligonga, kasisi aliomba, daktari alibeba mkoba wake, na neno lenyewe lilisemwa na mkewe. Jeshi halikumpa cheo wala posho. Lilimpa jina tu, Mama Mkubwa, na vijana walilitaja kwa heshima yenye hofu ndani yake. Alitengeneza kanuni zake, zikafuatwa kuliko za serikalini. Neno halisemwi mlangoni. Neno halisemwi kwa mtu aliyesimama. Mama mmoja aliambiwa amesimama, akaanguka akapasuka paji la uso kwenye saruji, na kovu lile Mama Mkubwa alilihesabu kuwa lake. Anayepeleka neno asilie kwanza. Na asizunguke mbuyu. "Ukisema amepata ajali, utaulizwa yuko hospitali gani," aliwafundisha wake za maofisa. "Ukisema hatunaye, ataenda kumtafuta. Sema amefariki. Taja jina la mtu na neno hilo, basi. Halafu nyamaza umshike mikono."

Alikuwa na shali ya sufu ya kijivu aliyojitanda siku hizo. Haikuwa na maana yoyote mwanzoni, ilikuwa nguo ya heshima tu, lakini kambi nzima iliijua. Wake za marubani walipoiona shali ile inashuka kwenye gari walichungulia pazia wakiomba ipite. Ipite, iende kwa jirani, Mungu atusamehe. Asubuhi moja ya baridi Mama Mkubwa alipitiwa, akajitanda shali ileile akaenda nyumba ya tatu kuomba kitunguu. Jirani alifungua mlango, akaiona, akaanguka kama gunia. Alipozinduliwa na kuambiwa ni kitunguu tu kinachotakiwa, alimtolea Mama Mkubwa maneno ambayo mke wa luteni hamtolei mke wa kanali, kisha akampa vitunguu vitatu. Walicheka pamoja miaka kumi. Lakini shali haikutoka tena kabatini ila kwa kazi yake.

Walimpata mtoto wakiwa wamekwisha kukata tamaa, na akawa huyo huyo mmoja. Walimwita Chiriku, kwa sababu alianza kusema kabla ya kuota meno na hakunyamaza. Alisema akila, alisema akioga, alisema usingizini. Nyumba yenye baba asiye na ulimi ilipata dawa yake. Jioni Kobe aliketi kwenye stuli ya jikoni, ile fupi ya miguu mitatu, akivua soksi polepole, na mtoto amemsimamia begani anamweleza mambo ya dunia. Baba aliitikia "ehe" na "kumbe". Mama Mkubwa, akiwa jikoni na kisu na karoti zake, alikuwa akisema moyoni kwamba kama kuna utajiri zaidi ya huu, wajaliwe wenye kuutaka.

Chiriku akataka kuwa rubani. Angetaka nini kingine?

Mama alisubiri hadi binti alipolala, akamfuata mumewe barazani.

"Mpigie simu mkuu wa chuo," alisema. "Neno moja tu. Aambiwe macho yake hayafai."

"Macho yake yanafaa. Wewe mwenyewe umeyapima."

"Baba Chiriku, nakuomba."

"Neno hilo siwezi kulisema."

"Na ni neno lipi unaloliweza wewe?"

Mkewe alijuta, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Binti alifuzu. Alirusha ndege za mizigo, zile za tumbo kubwa, akipeleka dawa na unga kwenye viwanja vya milimani ambako barabara hukatika mvua zikianza. Alikagua ndege yake kwa kiganja, mara mbili, kama babaye. Tofauti ni kwamba yeye aliisemesha. Mafundi walimpenda. Mvua za mwaka ule ziliposhika, na ukungu ukalala milimani kama mgonjwa asiyetaka kuamka, mama alirudi kwa mumewe mara ya pili. Sasa hakuwa kamanda wa kikosi, alikuwa Jenerali mwenyewe; neno lake lingehamisha mlima.

"Mtoe kwenye zamu za milimani," alisema. "Mpe ofisi mpaka mvua ziishe. Hakuna atakayeuliza."

Jenerali alikuwa kwenye stuli yake, soksi moja mkononi. "Nikimtoa wangu, atapanda nani? Wa nani?"

Mama Mkubwa alijua wa nani. Aliijua milango yao yote, aliwajua wake zao na mama zao. Ila kujua si kukubali. Alimwambia, "Sawa. Lakini siku likitokea la kutokea, nitakuuliza swali hilohilo, na utanijibu." Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na watu husahau kwamba wazazi ni wawili.

Mwezi uliofuata Jenerali alikuwa wa kustaafu. Walikuwa wamejenga nyumba ndogo mbali na uwanja wa ndege, mahali ambapo hakuna mngurumo. Mama Mkubwa alimwita mke wa Naibu aliyekuwa akimrithi Jenerali, mwanamke kijana mwenye haya, akamkabidhi ile shali ikiwa imefuliwa na kukunjwa. Akamfundisha kanuni zote, akamrudisha mwanzo, akamuuliza moja moja.

"Mama Mkubwa, na nikishindwa?"

"Utashindwa. Halafu utasema."

Akashusha pumzi. Alidhani amemaliza.

Alhamisi iliyofuata alikuwa akifungasha. Makochi na viti vya serikali vilikuwa vimechukuliwa jana yake, na sebule ilibaki na maboksi, kamba, na alama nyeupe ukutani palipokuwa na picha. Alikuwa amepiga deki tangu alfajiri. Mapazia tu ndiyo yaliyosalia, kwa sababu yalining'inia juu sana, na Chiriku, aliyekuwa mrefu kuliko wote wawili, aliahidi kuja Jumamosi kuyashusha. Mama alikuwa akiviringisha sahani kwenye magazeti na kupanga kichwani chakula cha Jumamosi, ndipo kengele ya mlango wa mbele ikalia.

Alichungulia pazia. Kitu cha kwanza alichokiona ni shali yake.

Na angalia moyo wa binadamu ulivyo. Hakustuka. Alisikitika, kama fundi aitwaye kazini siku ya mapumziko. Alijisemea: maskini, mtoto wa watu ameshindwa, wamenifuata nikawasaidie. Akaanza kuwaza ni nyumba ya nani leo, na kama yule mama ana presha, na akamhurumia kwa dhati mwanamke asiyemjua ambaye muda huohuo labda anachambua mchele. Alianza kuvaa viatu vya kutokea. Alikuwa amevaa cha kushoto na anaingiza cha kulia alipomwona anayebonyeza kengele ni nani.

Ni mumewe. Amesimama mbele ya mlango wa mbele wa nyumba yake mwenyewe, kofia kwapani, anasubiri kufunguliwa.

Alifungua. Kasisi alikuwepo, daktari na mkoba wake, mke wa Naibu na shali, na Jenerali.

"Karibuni," alisema. "Mtatusamehe, nyumba haina viti."

Waliingia, wakasimama katikati ya sebule tupu. Kasisi alitazama huku na huku, akitafuta mahali pa kumkalisha mtu, akaona maboksi tu. Kanuni zake mwenyewe zilikuwa zimeingia nyumbani mwake na viatu, nazo hazikupata pa kukaa.

"Mama," kasisi alisema kwa upole, "tunaomba ukae kidogo."

"Nikae juu ya nini, baba kasisi? Nawachemshia chai."

Akaenda jikoni. Alijua. Msomaji asidhani hakujua. Nani angejua kuliko yeye? Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini kujua ni kitu kimoja na kuambiwa ni kingine, na katika miaka yote ile ameona kwamba mtu hufa mara ya pili pale neno linapotamkwa, na mara hiyo ya pili ndiyo ya kweli. Nao hawawezi kulitamka kwa mtu aliyesimama. Aliwakataza mwenyewe. Basi atasimama. Akisimama hadi jioni, Chiriku ataishi hadi jioni. Akisimama hadi Jumamosi, mapazia yatashuka.

Daktari alimfuata, akaivuta ile stuli ya miguu mitatu, akaiweka karibu yake bila kusema kitu. Mama Mkubwa alichukua sufuria mbili akaziweka juu yake.

Alileta chai kwenye vikombe vya plastiki, kwa kuwa vya udongo vimefungwa. Wote wanne walishika vikombe, hakuna aliyekunywa. Alisema nao. Alisema jinsi mapazia yale yalivyo mazito, kwamba Chiriku anakuja kuyashusha, anakuja Jumamosi, labda achelewe maana barabara ina matengenezo. Alisema kwa kasi, bila kituo, na katikati ya maneno akasikia kwamba sauti ile si yake, ni ya mwanawe. Mke wa Naibu alianza kutokwa na machozi.

"Nilikwambia usilie kwanza," Mama Mkubwa alimwambia. Hakuwa mkali. "Jifute."

Hapo ndipo alipoyaona matope. Jenerali alikuwa ameingia na buti, jambo ambalo hajawahi kulifanya, na sakafu iliyopigwa deki ilikuwa na nyayo zake kutoka mlangoni hadi pale aliposimama, chini ya alama nyeupe ya picha yake mwenyewe. Mama Mkubwa alichukua kitambaa akapiga magoti akaanza kufuta. Kupiga magoti si kukaa. Alifuta nyayo moja baada ya nyingine, akisogea kuelekea alikosimama mumewe, na kichwani alikuwa ameshika lile swali. Aliliweka akiba kwa ajili ya leo. Wa nani, Jenerali? Ulisema apande wa nani? Unyayo wa mwisho utakapokwisha atanyanyua uso na kumuuliza mbele ya hawa watu, na akose la kusema kama alivyozoea.

Alifika kwenye buti. Kamba ya buti moja ilikuwa imelegea, inaburuta. Akanyanyua macho. Vifungo vya koti la Jenerali vilikuwa vimepishana, cha juu kimeingia tundu la pili, koti lote limekwenda upande. Kobe. Mtu anayekagua mara mbili. Mtu aliyepapasa mabawa hadi sungura wote wakamcheka alikuwa amepita mbele ya walinzi na makarani na dereva akiwa amevaa hivyo, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti.

"Nani amekuambia?" alimuuliza.

"Simu."

"Ulikuwa umekaa?"

Akatikisa kichwa. Hapana.

Mama Mkubwa alibaki pale magotini, kitambaa mkononi. Mtu yule aliambiwa kwa simu, amesimama, mezani kwake, na karani wa zamu asiyejua pa kutazama. Hakuna aliyemshika mikono. Kisha akapanda gari, akaja kugonga. Lile swali lilikuwapo bado. Atakuja kumuuliza siku nyingine, katika ile nyumba isiyo na mngurumo, tena si mara moja, naye hatajibu. Lakini si leo. Leo alikuwa na mzazi mbele yake ambaye amesimama na hajaambiwa inavyopasa, na kazi hiyo hakuna mwingine aliyeiweza.

Aliinuka, akaenda jikoni, akaondoa zile sufuria. Akaileta stuli sebuleni, akaiweka nyuma ya magoti ya mumewe.

"Kaa, Kobe," alisema.

Hakuwahi kumwita hivyo mbele ya watu. Kasisi aliinamisha kichwa. Jenerali alikaa, magoti juu, kwenye stuli ile ya kuvulia soksi. Mkewe alimfungua vifungo na kuvifunga upya, kila kimoja na tundu lake. Kisha akapiga magoti, akamshika mikono yote miwili, akaishika kwa nguvu kama alivyofundisha, akamtazama usoni.

"Chiriku amefariki," alisema.

Jenerali alitoa sauti ambayo watu wale hawajaisahau. Mkewe alinyamaza, kwa kuwa kanuni ni kunyamaza, akaendelea kumshika hadi kichwa chake kikamwangukia begani. Mke wa Naibu alivua ile shali, akasogea, akamtanda Mama Mkubwa mabegani, taratibu, bila neno. Ndipo Mama Mkubwa akakaa chini sakafuni, pale pale penye maji ya deki.

"Haya," alisema. "Na mimi niambieni."